Gari Halijaondoka, Ng'ombe Ameshaumia

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mifugo, madereva na utingo wenu, madalali wa mnadani, maafisa mifugo, na ninyi vijana mnaosindikiza mifugo huku mmekaa juu ya bodi usiku kucha: karibuni. Wazee, shikamooni.

Mmetaka tuzungumze kuhusu mifugo inayokufa na kuumia njiani. Ukiuliza kwa nini ng'ombe ameshushwa kwenye mnada wa Pugu, Dar es Salaam, akiwa amekanyagwa, amevunjika au hawezi kusimama, utatajiwa barabara mbovu, joto, foleni ya mizani na dereva aliyekuwa anakimbia. Yote hayo yapo. Lakini sehemu kubwa ya madhara huwa imeshaamuliwa injini haijawashwa: ni mnyama yupi aliyepandishwa, alikunywa maji lini, alipandishwaje, wamejazwa wangapi, na wamesimama juu ya nini. Dereva hodari anaweza kulinda mzigo uliopangwa vizuri. Mzigo ulioharibikia kwenye kipakilio, yaani mteremko wa kupandishia mifugo garini, hana namna ya kuutengeneza barabarani. Kwa hiyo leo tutakaa sana kwenye kipakilio, na barabara tutaipitia baadaye.

Tuchukue safari mnayoijua wote, ya kutoka Kanda ya Ziwa kwenda Dar es Salaam. Mwanza hadi Pugu ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma na Morogoro. Mtu akiulizwa safari imechukua muda gani, huhesabu tangu gari lilipoondoka. Ng'ombe haanzi kuhesabu hapo. Ametoka kijijini usiku au alfajiri, ametembezwa kwa miguu hadi mnadani, amesimama juani mchana mzima akipigwa bei, jioni akapakiwa. Gari linapoanza safari yeye ana saa 15 au zaidi hajaonja maji. Ukiongeza siku nzima ya barabarani, unafika na mnyama ambaye ameshinda, amelala na ameshinda tena bila tone. Basi tuanze na hesabu hii: muda wa safari uhesabiwe tangu mnyama aliponyweshwa mara ya mwisho. Ukiishika hiyo, mambo mengi yatajipanga.

Njia ya kuivunja kiu hiyo ni kuacha kupakia jioni ya siku ya mnada. Walaze zizini karibu na mnada, wape maji na majani makavu, wapumzike, kisha wapakie saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 au 300 hunywa kati ya lita 25 na 40 kwa siku ya joto. Wanyama 19, ambao ndio wanaoenea kwenye fuso moja kama tutakavyoona, wanakuhitaji uwe na lita 600 hivi, yaani mapipa matatu ya lita 200. Gharama yake ni ndogo sana ukiiweka karibu na bei ya ng'ombe mmoja. Kuhusu chakula, wape nyasi kavu, usiwape majani mabichi. Majani mabichi yanalainisha kinyesi, na kinyesi laini juu ya sakafu ya gari ndicho kinachoangusha wanyama.

Wakiwa wamepumzika, sasa wakague. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo wengi mnalijua kwa jina lake la zamani la OIE, lilipitisha viwango vya usafirishaji mwaka 2005, na orodha yake ya mnyama asiyefaa kusafiri iko wazi. Asisafirishwe mnyama mgonjwa, aliyejeruhiwa, dhaifu au aliyechoka. Asiyeweza kusimama mwenyewe akakanyagia miguu yote minne. Kipofu wa macho yote mawili. Kichanga ambaye kitovu hakijakauka. Jike aliyezaa ndani ya saa 48 zilizopita anayesafirishwa bila mtoto wake. Na jike mwenye mimba iliyoingia asilimia 10 ya mwisho. Kwa ng'ombe, ambaye hubeba mimba siku 283 hivi, asilimia 10 ni wiki nne za mwisho. Kwa mbuzi ni siku 15.

Mnadani hakuna anayekuambia tarehe ya mimba, kwa hiyo tumia macho na mikono. Kiwele kimejaa na chuchu zimevimba, uke umelegea, na kano za pande mbili za shina la mkia zimelainika na kuzama: huyo asipande. Akizalia garini kati ya wenzake 18, ndama atakanyagwa hata kabla hajakauka. Na usimkague ng'ombe akiwa amesimama kwenye kundi. Mtembeze hatua 10 hadi 15 kwenye ardhi ngumu. Anayechechemea kidogo hapa ndiye atakayekuwa chini mkifika Singida, kwa sababu kusimama kwenye gari linalotikisika ni kazi ya misuli isiyokoma. Mguu unaouma hauwezi kuifanya kwa saa 14.

Tenganisheni pia. Madume yasiyojuana yasiwekwe pamoja, maana yatapandana na kupigana njia nzima. Mwenye pembe ndefu akae mbali na asiye na pembe. Mbuzi na kondoo wasichanganywe na ng'ombe kabisa. Ile tabia ya kusukumia mbuzi watano sita katikati ya miguu ya ng'ombe ili nafasi isipotee ni kuwahukumu mbuzi hao. Kama ni lazima wasafiri gari moja, weka kizuizi imara cha mbao kutoka ubavu hadi ubavu.

Sasa kipakilio. Tunasema bila kuficha kwamba ni kati ya vitu vilivyosahauliwa zaidi katika biashara hii. Mnada unajengewa ofisi na kibanda cha kukusanyia ushuru, halafu ng'ombe anapandishwa gari kwa kurudisha fuso kwenye kichuguu au ukingo wa mtaro. Kichuguu chenyewe si kibaya kama kimelingana na sakafu ya gari. Ubaya wake ni mwanya unaobaki kati ya udongo na bodi. Mguu unaingia pale, mnyama anasukumwa kutoka nyuma, mfupa unakatika. Ziba mwanya kwa ubao mpana na mzito usioteleza wala kutetemeka.

Kipakilio kizuri mwinuko wake hauzidi nyuzi 20. Kwa vipimo vya fundi: kama sakafu ya gari iko mita 1.2 kutoka ardhini, mteremko unatakiwa uwe na urefu wa mita 3.5. Vile vya mita mbili mnavyoviona ni vya kupanda kama ngazi, na ng'ombe hajaumbiwa kupanda ngazi za namna hiyo. Piga vipande vya mbao vya kukanyagia kila baada ya sentimita 20 hadi 30. Kama ni cha zege, jenga vidato vifupi vya kimo cha sentimita 10 na upana wa 30 au zaidi. Kuta za pembeni zizibwe kabisa, zisiwe na mianya, ili mnyama asione watu wanaozunguka nje. Ng'ombe anayeona mbele tu anakwenda mbele.

Hapa niwaombe mkae kidogo na jinsi ng'ombe anavyoona. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Vitu vidogo ambavyo mtu havitilii maanani vinamsimamisha: mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio, kivuli kinachokata njia, dimbwi linalometameta. Anapogoma, mtu wa kwanza hutafuta fimbo. Mtu anayejua kazi huinama, akaangalia kutoka urefu wa macho ya mnyama kuna nini mbele. Giza nalo ni hivyo hivyo. Ng'ombe hapendi kutoka kwenye mwanga kuingia kwenye shimo jeusi, na bodi iliyofunikwa turubai kwake ni shimo jeusi. Funua turubai, au kama mnapakia kukiwa bado giza weka taa ndani ya gari ielekee sakafuni, isimpige machoni.

Kusukuma ng'ombe kuna kanuni yake, na Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani, ameifundisha kwa miaka mingi. Kila mnyama ana eneo linalomzunguka. Ukiingia ndani yake anasogea, ukitoka anasimama. Na ana sehemu ya mizani begani. Ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele, ukisimama mbele ya bega anarudi nyuma. Angalieni kwenye minada yetu: mtu amesimama karibu na kichwa cha ng'ombe, anampiga matakoni ili asonge mbele. Mwili wake unamwambia rudi, fimbo inamwambia nenda. Mnyama anachanganyikiwa, anapigwa zaidi kwa kosa la mtu. Simama kando, nyuma ya bega, tembea kutoka mbele kuelekea nyuma ukimpita, naye atasogea. Wapitisheni wachache wachache, watano au sita, na kama kuna maksai mpole aliyezoea gari, atangulie yeye.

Badala ya fimbo tumieni kitambaa au mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye kijiti. Mtikiso wake unatosha. Kukunja mkia mpaka uvunjike, kuchokoa macho, puani, sehemu za siri au njia ya haja, kumburuta kwa kamba ya pembe, hayo hayana nafasi popote. Kifaa cha umeme, kwa wachache wanaokitumia, kiwe kwa ng'ombe mkubwa tu anayegoma akiwa na nafasi mbele yake, kwenye misuli ya nyuma, kisizidi sekunde moja. Asipoitikia, kurudia ni ukatili mtupu.

Wale wanaosema fimbo haiachi alama, waende machinjioni ngozi ikivuliwa. Pigo la fimbo linaonekana juu ya nyama kama mistari miwili myekundu inayokwenda sambamba, katikati pamepauka, kwa upana uleule wa fimbo. Damu ikiwa nyekundu ya kung'aa, jeraha ni la jana au leo. Ikiwa imegeuka njano njano, ni la siku kadhaa nyuma. Kwa hiyo nyama yenyewe inasema ng'ombe alipigiwa wapi. Kipande hicho mkaguzi anakikata na kukitupa, na mara nyingi kipo kwenye paja au mgongo, ambako ndiko kwenye nyama ya bei.

Tuje kwenye idadi, na najua hapa ndipo patakapokuwa na mabishano. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji karibu mita ya mraba 0.85 ya sakafu. Wa kilo 300 anahitaji kama 0.96, wa kilo 400 kama 1.16. Wakiwa na pembe, ongeza asilimia 10. Chukua fuso yenye bodi ya urefu wa mita 7 na upana wa mita 2.4: eneo lake ni mita za mraba 16.8. Ng'ombe wa kilo 250 wasio na pembe wanaenea 19. Wenye pembe, 17. Hao ndio wengi wenu mnaobeba, na wote mnajua gari kama hilo huwa linapakia wangapi.

Hoja inayotolewa ni kwamba wakibanana wanashikizana, hawaanguki. Si kweli. Ng'ombe hujishikilia kwa kusogeza miguu. Gari likikata kona anapanua mguu, likifunga breki anarudisha mguu nyuma. Akibanwa hana pa kuupeleka, anapoteza mizani, na akienda chini wenzake wanaijaza nafasi yake juu yake mara moja. Anayeanguka kwenye gari lenye nafasi huinuka. Anayeanguka kwenye gari lililoshonana hainuki mpaka washushwe. Na akijaribu kuinuka anaangusha wengine wawili. Upande wa pili nao tuuseme, maana si kila nafasi ni neema: wanyama wanane kwenye bodi tupu ya mita 7 watarushwa huku na huku kila breki. Ndiyo maana tunataka vizuizi vya ndani. Gawa bodi mara mbili au tatu kwa mageti imara, kila sehemu ijae kwa kiasi chake. Akiachiwa uhuru, ng'ombe hupenda kusimama sambamba na gari au kulikata kwa upana, msiwapange mshazari. Na kama kuna wa kufungwa, asifungwe kwa pembe wala kamba ya puani, na miguu isifungwe pamoja. Kamba iwe ndefu ya kumwezesha kulala na kuinuka, fundo liwe la kuvuta likaachia, na kisu kikali kiwepo garini kila wakati.

Sakafu. Bati la chuma likishapata mkojo na kinyesi linateleza kuliko udongo wa masika. Dawa yake ni ya kudumu na ya bei nafuu: mchomelea vyuma achomelee nondo juu ya sakafu kwa miraba ya sentimita 30 kwa 30. Mwambie nondo zisipandane kwenye makutano, zilale chini zote, kwa sababu zikipandana huacha vichwa vinavyotoboa kwato. Juu yake mwaga mchanga wa sentimita 5 na maranda au majani makavu juu ya mchanga. Mchanga unashika mguu, maranda yananyonya mkojo. Mbao za pembeni sehemu ya chini zisiwe na mwanya wa kupitisha mguu, sehemu ya juu ziwe na mianya ya hewa. Pitisha kiganja ndani ya bodi yote kabla ya kupakia. Msumari, bolti au bati lililochanika utakalolikuta kwa kiganja ndilo lingechana ubavu wa mnyama njia nzima.

Gari likishaondoka, simama baada ya nusu saa hadi saa moja uangalie. Muda huo wanyama wamejipanga, na aliyepandishwa vibaya ataonekana. Baada ya hapo kila saa mbili au tatu. Kuendesha kwenyewe: wengi wanaoanguka huanguka kwenye breki, kona na kubadilisha gia kwa ghafla, si kwenye mwendo wa kawaida. Mlima Sekenke, kati ya Igunga na Singida, unataka gia nzito tangu mwanzo. Matuta ya vijijini, ambayo barabara ya kati imejaa, yanataka uanze kupunguza mapema mpaka gari lipande tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tajiri anayempigia dereva simu kila saa kumuuliza amefika wapi, naye anachangia kuangusha ng'ombe wake.

Joto linaua gari likiwa limesimama. Linapotembea hewa inapita. Likisimama mchana, joto la miili ya wanyama 19 linabaki palepale na unyevu wa pumzi zao unaongezeka. Mkisimama kula, simamisha kivulini, ubavu wa gari uelekee upepo, na mle haraka. Foleni ya mizani kati ya saa 6 na saa 9 mchana ni ya kuogopa, na kuanzia Morogoro kushuka Pwani unyevu wa hewa unafanya iwe mbaya zaidi, hasa Desemba hadi Machi. Ombeni kupitishwa mapema, mkieleza kwamba mzigo ni hai. Mnyama anayehema mdomo wazi, ulimi nje, udenda ukichuruzika, ameshazidiwa. Mmwagieni maji gari likiwa wazi na upepo unapita. Kumwagia maji ndani ya bodi iliyofungwa turubai kunageuza mle ndani kuwa mvuke. Mpange haya yote ndani ya saa ambazo kibali chenu kinaruhusu kusafiri.

Je, ni saa ngapi bila kushushwa? Umoja wa Ulaya unaruhusu ng'ombe saa 14, kisha mapumziko ya angalau saa moja na maji, kisha saa 14 nyingine, halafu washushwe wapumzike saa 24. Marekani ina sheria ya saa 28, ambayo asili yake ni mwaka 1873, na baada ya hapo lazima washushwe angalau saa 5 wale, wanywe na kupumzika. Sisi tunashauri mkazo zaidi kwa sababu wanyama wetu hupanda gari wakiwa tayari na kiu: isizidi saa 12 hadi 14 bila kushushwa. Kwa anayetoka Mwanza maana yake ni kulala Singida au Dodoma. Kunywesha wakiwa garini kwa pipa lililopasuliwa kunasaidia kidogo tu, maana wa pembeni wanakunywa na wa katikati, ambao ndio wenye joto zaidi, wanabaki wanaangalia. Kushusha nako kuna gharama yake: kipakilio kibovu mara mbili zaidi, na zizi lililolaliwa na mifugo ya watu wengine linaweza kugawa magonjwa. Kwa hiyo shusha penye kipakilio, mabirika ya maji na zizi lililosafishwa. Vituo vya namna hiyo ni vichache, na hili tunalisema kwa uchungu mbele ya viongozi wa halmashauri: ushuru wa mifugo unaokusanywa kwenye njia hii unatakiwa uonekane kwenye mabirika.

Akilala mmoja njiani, msimchokoe wala kumpiga. Simamisheni gari, sogezeni waliomzunguka, mgeuzeni alalie kifua miguu ikiwa chini yake, mpeni nafasi na dakika kadhaa. Wengi huinuka. Asiyeweza kuinuka na mguu umevunjika, asiburutwe kwa kamba wala kupelekwa hivyo kilomita 300 ili achinjwe kwenye machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam. Mpigieni afisa mifugo wa eneo mlilopo, amalizwe haraka hapo hapo kwa taratibu, na nyama isiuzwe bila kukaguliwa.

Kwa mbuzi: nafasi yao ni mita ya mraba 0.2 hadi 0.3 kwa mwenye chini ya kilo 35. Gari la ghorofa mbili liwe na sakafu ya juu isiyovuja, la sivyo wa chini watasafiri kwenye mkojo. Nguruwe hawatoi jasho la kuwapoza na hutapika garini, kwa hiyo wasilishwe saa 12 kabla ya safari, wanywe maji, wasafirishwe muda wa baridi.

Kuku wanahitaji maneno zaidi. Kuku wa kienyeji kutoka Singida na Dodoma wanafika Dar juu ya mabasi, ndani ya matenga. Juu ya basi kuna jua kali, upepo wa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na mvua ikinyesha manyoya yakilowa kuku anakufa kwa baridi hata Dodoma. Kwenye buti anakosa hewa. Kuku hana jasho. Anajipoza kwa kuhema, na kuhema kunafaa kama hewa inayomzunguka ni kavu na inatembea. Kuku wa kilo 1.5 anataka kama sentimita za mraba 280. Kreti la plastiki la sentimita 75 kwa 55 linabeba 14, msimu wa joto 11 au 12. Tenga hupakiwa juu ya tenga, na wa chini katikati ndio wanaokufa, kwa hiyo achia mwanya wa kiganja kati ya safu na safu, na funika juu kwa turubai lisiloziba ubavu. Kamata kuku kwa miguu yote miwili, wasizidi watatu kwa mkono mmoja. Kuwaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa bodaboda nusu saa nzima kunawatesa bila faida yoyote, wakati kikapu kinafungika nyuma.

Wanaovusha ng'ombe kwenda Zanzibar kwa majahazi, hesabu za nafasi ni zilezile, ila chombo kikizidiwa kinazama na watu. Juni 2022 meli ya Badr 1 ilizama bandarini Suakin, Sudan, ikiwa na kondoo zaidi ya 15,000, maelfu juu ya uwezo wake, na wengi wao walikufa maji pale pale gatini.

Mnaweza kuuliza haya yanalipwa na nani. Ng'ombe asiyekula wala kunywa siku nzima barabarani hupoteza asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Kwa wa kilo 300 ni kilo 15 hadi 30. Mwanzoni kinachopotea ni kilichomo tumboni na mkojo. Muda ukizidi ni maji ya nyama yenyewe, na hayo hayarudi kwa kunyweshwa asubuhi moja. Aliyehangaika sana huwa ametumia sukari yote ya misuli, kwa hiyo nyama yake baada ya kuchinjwa haitengenezi asidi ya kutosha. Kipimo cha pH, ambacho kilitakiwa kushuka hadi 5.4 au 5.7, kinabaki juu ya 6. Mnaiona buchani: nyama nyeusi, inanata, inaharibika mapema. Na anayenunuliwa kwa kunenepeshwa hupata homa ya mapafu siku chache baada ya kufika, kwa sababu vijidudu ambavyo alikuwa navyo puani siku zote vinashuka kifuani kinga ikidhoofika.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamgusa mwenye mnyama na anayemsafirisha, na kibali cha kusafirisha mifugo kinatolewa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Wenzetu wa Kenya wana kanuni za usafirishaji wa wanyama tangu 1984. Lakini kitu kitakachobadilisha hali haraka ni mkataba wenu wenyewe. Dereva analipwa kwa tripu, na mwenye gari anataka kichwa kingi. Hakuna hata mmoja anayelipwa kwa ng'ombe aliyefika mzima. Andikeni malipo kwa kila kichwa kinachoshuka garini kwa miguu yake, na nyongeza kwa mzigo ulioshuka wote. Andikeni pia idadi ya juu kulingana na ukubwa wa bodi, isainiwe na tajiri, dereva na dalali.

Mkifika Pugu, shusheni taratibu kama mlivyopandisha. Maji kwanza, kwenye mabirika marefu ili wanyonge nao wafikie, kisha nyasi kavu. Msiwape pumba wala mahindi siku hiyo, tumbo lililokaa tupu litachacha. Hesabuni waliokufa, waliolala na wanaochechemea, andikeni kwenye daftari pamoja na jina la mnada walikotoka na namba ya gari, maana bila daftari hamtajua kama tatizo ni mnada ule, gari lile au kipakilio kile. Halafu osheni bodi kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, iacheni ikauke juani, na kabla gari halijageuza kurudi bara mpitisheni mchomelea vyuma aangalie nondo za sakafu.